Kabla ya kuchanga pesa ya ini jipya, ulizeni kama kirusi kiko kwa damu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wa barua, na tafadhali msinikatie sana maana hii habari ukiikata katikati inapotosha watu.

Hapa Arua, Uganda, kuna tangazo linazunguka kwa magrupu ya WhatsApp, ni picha ya mzee amekaa kitandani, tumbo limejaa maji mpaka ngozi inang'aa, macho ya njano, chini yake kuna namba ya kutumia pesa kwa simu na maneno "tumsaidie mzee wetu akabadilishiwe ini India, apone hepataitisi C kabisa". Kuchanga si shida, tumezoea kuchangiana na mi mwenyewe nimetuma kidogo nilichokuwa nacho. Kinachonisumbua ni hayo maneno ya mwisho, apone kabisa, juu ini jipya peke yake haliponyi hepataitisi C, ule ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi, na watu hawaambiwi hivyo mpaka shamba limeshauzwa na tiketi ya ndege imeshakatwa.

Mi si daktari, niko maabara, kazi yangu ni kutoa damu na kusoma majibu. Ila wakija kwa vikao vya familia wananiita musawo, yaani daktari, na wananiuliza kila kitu. Kwa kikao kimoja, ambapo kijana wa mgonjwa alikuwa amejitolea kumpa baba yake kipande cha ini, shangazi wa mgonjwa aliniuliza hivi, "Musawo, wakishalitoa hilo ini bovu si ugonjwa unatoka nalo?" Watu wote wakatikisa kichwa kwamba ndio hivyo, na kusema kweli ni jambo la akili, kitu kibovu kikitolewa ubovu umetoka. Nikamwambia hapana shangazi, ini bovu ndio mahali kirusi kinazaliana lakini chenyewe kinatembea kwa damu, na damu haibadilishwi, ni ile ile yake inarudi kupita kwa ini la mwanawe. Akanyamaza kidogo alafu akauliza, "Sasa tunamkata huyu kijana bure?" Hilo swali ndilo limefanya niandike.

Si bure. Lakini wacha nieleze vile inakuwaje, maana wengi wanatishwa ama wanadanganywa kwa sababu hawajui hiki kirusi kinaingiaje kwa seli.

Mgonjwa akilala kwa meza ya upasuaji na kirusi kiko kwa damu yake, kuna masaa fulani ambapo ini la zamani limetolewa na jipya bado halijaunganishwa. Hayo masaa idadi ya virusi inashuka, manake kiwanda kimeondolewa, na kirusi cha C kikiwa kwa damu hakidumu, nusu yao wanapotea kwa kama masaa 3 hivi. Kama mtu angeweza kuishi bila ini kwa siku kadhaa labda vingeisha vyenyewe, lakini nani anaweza? Daktari akishaunganisha mishipa na kuachia damu ipite, ini la kijana linaanza kuchuja damu ya baba yake na virusi vinaingia humo humo. Wale waliopima damu saa kwa saa wameona kwamba mwanzoni idadi inashuka zaidi, na hiyo si habari nzuri hata kidogo, ni seli mpya zinavimeza. Baada ya siku moja hivi idadi inaanza kupanda, na kwa wagonjwa wengine siku ya nne tayari imefika pale ilipokuwa kabla ya upasuaji. Nyuzi za kidonda bado mbichi. Mtu akiingia chumba cha upasuaji na kirusi kwa damu na hajapewa dawa yoyote, karibu wote ini jipya linaambukizwa, hii si mambo ya bahati.

Sasa kinaingiaje. Hiki kirusi ni kidogo sana, na kwa damu hakitembei uchi, kinajifunga na mafuta, yale mafuta ya kawaida yanayobeba kolesteroli mwilini. Ni kama wale jamaa wa magendo pale mpakani Vurra wanaoficha mzigo chini ya magunia ya mihogo, anayekagua akiangalia anaona mihogo tu. Kinga ya mwili inaona mafuta. Na ini kazi yake mojawapo ni kupokea hayo mafuta kutoka kwa damu, kwa hiyo seli yenyewe ndiyo inakikaribisha.

Kikifika kwenye ngozi ya seli kinashika kwanza ovyo ovyo, kwa sukari sukari zilizoko juu ya seli na kwa kile kipokezi cha kolesteroli mbaya. Baada ya hapo kinaanza kutafuta protini maalumu, ya kwanza inaitwa SR-B1, ya pili CD81, hiyo CD81 ndio muhimu sana, na protini moja ya nje ya kirusi inayoitwa E2 ndiyo inayoishika. Wakishashikana wanasukumwa pamoja mpaka pembeni, kwenye ule mshono ambapo seli moja imebanana na jirani yake, hapo kuna protini nyingine mbili, klaudini na okludini, ambazo kazi yao ya kawaida ni kuziba nafasi kati ya seli na seli. Bila hizo nne hakiingii. Watu wa sayansi walipambana miaka kuzipata, CD81 ilijulikana 1998, okludini mpaka 2009, na katikati hapo kuna watu wamezeeka maabara. Kirusi chenyewe kilitambuliwa 1989, kabla ya hapo walikuwa wanaita tu hepataitisi isiyo A wala B, na Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice wakapewa tuzo ya Nobel 2020 kwa hiyo kazi.

Haya, seli inakimeza, kinakaa ndani ya kifuko kidogo, kile kifuko kinageuka kuwa na asidi, na ile asidi ndiyo inafanya ganda la kirusi liungane na ukuta wa kifuko, alafu uzi wake wa RNA, yaani maagizo ya kutengeneza virusi vingine, unamwagika ndani ya seli. Ni uzi mmoja wa herufi kama 9,600 hivi, basi. Seli inausoma ikidhani ni maagizo yake yenyewe, inatengeneza protini moja ndefu ya amino asidi kama 3,000, inakatwakatwa inakuwa protini 10, na moja kati ya hizo, NS5B, kazi yake ni kunakili uzi usiku na mchana. Inanakili vibaya, haisahihishi makosa, ndio maana kwa mgonjwa mmoja unakuta virusi vya aina nyingi vinavyofanana bila kuwa sawa. Ini lenyewe linakisaidia tena, kwa sababu lina kipande kidogo cha RNA kinaitwa miR-122 ambacho kiko kingi kwa ini kuliko mahali pengine popote mwilini, kinajibandika kwenye mwanzo wa uzi wa kirusi na kuulinda usiliwe. Vikishakomaa vinatoka vimejifunga tena na mafuta, ama havipiti kwa damu kabisa, vinahama moja kwa moja kutoka seli hii kwenda seli ya jirani, na huko antibodi, zile protini za kinga zinazowinda kirusi kwa damu, haziwezi kuvifikia.

Kuna jambo hapa lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Si virusi vyote vya mgonjwa vinavyoingia kwenye ini jipya. Watafiti wa Strasbourg kule Ufaransa walilinganisha virusi vya kabla ya upandikizaji na vya baada, wakachapisha 2010, na walichokuta ni kwamba vile vinavyolishika ini jipya ni vile vinavyojua kuingia vizuri zaidi, tena vinavyokwepa antibodi za mgonjwa. Kwa hiyo ini jipya linachagua vile vikali. Ongeza juu yake zile dawa mgonjwa lazima ameze ili mwili usikatae ini la mtu mwingine, takrolimasi na wenzake, na steroidi, zote zinalaza kinga. Ndio maana baada ya mwaka unaweza kukuta kirusi kiko mara 10 mpaka 20 zaidi ya kabla. Zamani, enzi za sindano za intaferoni ambazo wengi hata hawakuzivumilia, kati ya waliopandikizwa wakiwa na C, kama 20 mpaka 30 kwa kila 100 ini jipya lilikuwa limeshakakamaa ndani ya miaka 5. Ini la kwanza lilichukua miaka 20 au 30 kuharibika, la pili miaka 5! Na wachache linawaka moto ndani ya miezi tu, wanakuwa njano kuliko walivyokwenda.

Na tusisahau hilo ini linatoka wapi. Watu wetu wakienda India mara nyingi ni kijana wa nyumbani amejitolea, anakatwa zaidi ya nusu ya ini lake. Kwake litaota tena, sawa, lakini amepasuliwa tumbo akiwa mzima, na upasuaji wa hivyo una hatari zake, wapo wachache sana waliokufa. Huyo kijana ana haki ya kujua kipande chake kinaenda kukutana na nini. Mi nimeona familia ambapo mtoaji amepimwa kila kitu, kundi la damu, moyo, mapafu, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza baba ana virusi vingapi kwa damu leo. Hata mtoaji mwenyewe, kupimwa C ni lazima.

Sasa nije kwa ile sehemu nzuri maana nikiishia hapo mtasema natisha watu. Hepataitisi C inapona. Narudia, inapona, kirusi kinaisha kabisa mwilini. Haifanani na UKIMWI ambapo unameza dawa maisha yote, haifanani hata na hepataitisi B. B inajificha ndani kabisa kwenye kiini cha seli, C haifiki huko, inakaa nje ya kiini na ukizuia kunakili kwa wiki kadhaa hakuna ghala ya kurudia. Tangu mwisho wa 2013 sofosbuviri ilipoidhinishwa Marekani mambo yalibadilika. Hii dawa inamdanganya yule NS5B, anaishika akidhani ni herufi ya RNA na uzi unakwama hapo hapo. Wanaiunganisha na nyingine kama daklatasviri au velpatasviri, unameza vidonge kwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 kwa 100 wanapona. Hata waliokwisha kupandikizwa wakaambukizwa tena wanapona kwa vidonge hivi hivi, zaidi ya 90 kwa 100. Siku hizi kuna nchi mpaka wanachukua kwa makusudi ini la marehemu mwenye C wanampa mgonjwa asiye na C alafu wanamtibu, kitu ambacho miaka 15 iliyopita ungesema ni wazimu.

Na bei. Marekani walianza na dola 84,000 kwa wiki 12, dola 1,000 kidonge kimoja, aibu tupu. Leo dawa za viwanda vya India, nchi za hali yetu zinaweza kununua kozi nzima hata kwa dola 60. Weka hiyo pembeni ya bei ya kubadilishiwa ini na tiketi za watu watatu na nyumba ya kupanga miezi huko India, alafu niambie kwa nini kwa kile kikao tulizungumzia ini tu.

Sisemi watu wasipandikizwe. Kuna ini limeshafika mwisho, huwezi kulirudisha kwa vidonge, huyo anahitaji jipya. Lakini swali la kwanza liwe ni kirusi, atibiwe kabla ama baada? Hilo ni la madaktari, na halina jibu moja. Wengine wakitibiwa mapema ini linapata nafuu mpaka hawahitaji tena upasuaji. Wengine wamechelewa, wanapandikizwa kwanza alafu wanatibiwa mara tu wakitulia. Mwenye tumbo la maji kuna kundi moja la vidonge vya C haruhusiwi kugusa, vinamuumiza, kwa hiyo msiende kununua tu dukani kwa sababu mtu wa WhatsApp ameandika jina la dawa. Anayemeza dawa za TB aseme, rifampisini inaishusha nguvu sofosbuviri na hizo nyingine. Na huku kwetu muhimu zaidi, mtu apimwe B kabla ya kuanza dawa za C, kwa sababu C ikiondoka B iliyokuwa imelala inaweza kuamka na kumlaza mtu vibaya. B iko nyingi Uganda, ule utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta kama watu wazima 4 kwa 100 wanayo, na kaskazini yote tunajua vile ilivyotusumbua.

Kuna mchanganyiko mwingine wa B na C huku, watu wanasema "mi nilichanjwa hepataitisi" wakidhani wamemaliza. Umechanjwa B. C haina chanjo mpaka leo. Tena haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kushikana mikono, ni damu kwa damu, sindano iliyotumika, wembe, kuchanjwa chale na kiwembe kimoja watoto kumi. Misri walijifunza vibaya, tangu miaka ya 1950 serikali ilikuwa inachoma watu sindano za kichocho kijiji kwa kijiji, sindano hazichemshwi vizuri, wakaambukizana mpaka wakawa wa kwanza duniani kwa C. Sisi huku kando ya Nile kichocho tunacho pia, bahati yetu tiba ilikuja ya vidonge. Lakini Misri hao hao 2018 wakaanza kampeni wakapima watu karibu milioni 50 kwa miezi 7 hivi, wakatibu, na 2023 shirika la afya duniani likawatambua kama nchi ya kwanza kufika mbali hivyo kwenye kuimaliza. Walianza na kupima na vidonge.

Kupima nako tuelewane. Kile kijiti cha haraka, unaweka tone la damu, dakika chache mistari miwili inatokea, hicho kinaonyesha antibodi tu. Kinasema umewahi kukutana na kirusi, hakisemi bado kiko. Kama watu 30 kwa 100 mwili wao unakifukuza wenyewe ndani ya miezi 6, na kijiti cha wengi wao kitaendelea kuonyesha mistari miwili kwa miaka mingi. Hata aliyepona kwa vidonge vilevile. Nimeona mama mmoja, mistari miwili, akaenda akatumia pesa zote kwa mtu wa mizizi, alipokuja kupimwa RNA hana hata kirusi kimoja. Nimeona kinyume chake pia, jamaa anaambiwa "ni antibodi tu usijali" na virusi vyake vinahesabika kwa milioni. Kipimo cha kweli ni cha RNA, na mashine ile ile ya GeneXpert tunayotumia kupima TB inaweza kukifanya, unabadilisha tu katriji. Baada ya kumaliza vidonge unangoja wiki 12 unapima tena, ikiwa hakuna, umepona. Ila kama ini lilikuwa limeshakakamaa endelea na altrasaundi kila miezi 6, kansa ya ini haitazami kama kirusi kimeondoka.

Hapa nchini mambo ya kupandikiza yanakuja, sheria ya viungo ilipita 2023 na hospitali ya Mulago kule Kampala walipandikiza figo ya kwanza Disemba mwaka huo huo, hongera kwao, na siku moja tutafanya ini pia. Nafurahi. Lakini kama hatujajua wagonjwa wetu wa C ni nani na wamemeza vidonge au la, tutakuwa tunapandikiza alafu tunakimbizana na kirusi kile kile kwa ini la pili.

Kwa hiyo Mhariri ninaomba jambo moja, mmtume mwandishi wenu aende Wizara ya Afya aulize wazi wazi: kipimo cha RNA ya C kinapatikana kwa hospitali gani za rufaa za mikoa na ni shilingi ngapi, katriji ziko ama hazipo, na hivyo vidonge vya wiki 12 mgonjwa wa Arua, wa Moroto au wa Kabale anavipata wapi na kwa bei gani. Mkichapisha majibu, mi mwenyewe nitayabandika ukutani kwa maabara na kuyatuma kwa yale magrupu ya michango. Yule shangazi bado ananipigia kuuliza.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtu wa maabara, Arua